Mwombaji Mwenyewe

Kila mtu pale kijijini, juu kidogo ya Marangu Mtoni, alijua kwamba Mama Gladness ameomba chuo, kwa sababu Gladness mwenyewe alikuwa amewatangazia. Aliwaambia wanakwaya baada ya ibada, akamwambia mwenye duka, akawaambia hata wapagazi waliokuwa wakisubiri wageni kwenye geti la mlima. "Mama yangu anakwenda kusomea mifugo," alisema. "Mkimwona njiani muanze kumwita daktari." Eliona, ambaye ndiye huyo mama, alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini moyoni alikuwa anacheka.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Shule aliiacha kidato cha pili, akiwa na mimba ya huyu huyu Gladness. Siku hizo hapakuwa na mjadala, msichana akionekana na tumbo alifungasha madaftari yake akaenda nyumbani. Aliolewa na baba wa mtoto, Eliufoo, kijana aliyekuwa akibeba mizigo ya watalii na ambaye baadaye alipanda cheo akawa mwongozaji wa mlima. Wakapata kihamba chao, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, wakafuga ng'ombe. Na kwa hao ng'ombe ndipo Eliona alipojikuta amenasa. Daktari wa mifugo alipokuja kumtibu mmoja, Eliona alimuuliza maswali mpaka daktari akachelewa kwa mteja mwingine. Mwishowe yule daktari akamwambia, nusu kwa utani, "Mama, nenda kasome, mimi nipumzike."

Basi akasoma. Alishuka Himo jioni baada ya jioni kwenye madarasa ya watu wazima, akafanya mtihani wa maarifa, ule wa kumfungulia njia, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa ameketi katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Akafaulu. Eliufoo alikuwa mlimani na wageni matokeo yalipotoka. Aliposhuka akaambiwa, alivua buti zake hapo hapo uani akacheza peku, na tope lote lile.

Kilichobaki kilikuwa kuomba chuo, na hapo ndipo Gladness alipoingia.

Gladness alikuwa na meza ya mitumba sokoni Kiboriloni, na ulimi wa kuuzia mitumba. Aliweza kumvalisha mtu koti asilolihitaji na mtu huyo akaondoka anashukuru. Maombi ya chuo yalijazwa mtandaoni, naye akayajaza yote kwenye simu yake, akaweka namba yake na barua pepe yake.

"Mama, wewe simu unaisahau kwenye pipa la pumba," alisema. "Niachie mimi. Wewe andaa sare."

Eliona alimwachia, tena kwa furaha. Ng'ombe mkali alimweza, lakini ofisi ilimtia kiwewe. Kila alipomwona mtu nyuma ya meza akiandika bila kuinua macho, maneno yote yalimkimbia.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Kila alipoulizia, binti yake alimjibu, "Tunaongea nao fresh, mama. Usiwaze."

Siku moja ya gulio, siku ambayo Gladness hangeiacha meza yake hata kwa homa, Eliona alimwona anapandisha njia ya kihambani akiwa mikono mitupu. Eliona alikuwa bado anakamua. Hakuinuka, alimwangalia tu kwa pembe ya jicho binti yake akija kusimama mlangoni mwa zizi, anavuta pindo la blauzi kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mama, nimeharibu."

Eliona aliweka ndoo pembeni. Ndipo ikatoka hadithi yote. Afisa wa udahili pale chuoni, mwanamke mmoja aitwaye Bi Rahma, alikuwa amepiga simu asubuhi ile kutaka kuzungumza na mwombaji. Gladness akaona aibu kusema mwombaji yuko Marangu na simu iko kwingine. Akakaza koo, akajifanya yeye ndiye Eliona.

"Ulijifanya mimi?"

"Nilikohoa kidogo kwanza, ili sauti iwe ya kiutu uzima."

"Ehe."

"Akaniuliza, 'Mama, umeandika kwamba unafuga. Ng'ombe wako ni wa aina gani?'"

"Ukamwambia?"

Gladness aliangalia chini. "Nikamwambia ni wa kike."

Eliona aliuma mdomo.

"Halafu akaniuliza wanakamuliwa mara ngapi kwa siku. Nikamwambia... nikamwambia inategemea na wateja."

Hapo Eliona alishindwa. Alitaka kukasirika, na hasira alikuwa nayo, lakini kicheko ndicho kilichowahi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, na ng'ombe akageuza kichwa kumtazama. Gladness hakucheka.

"Akaniambia, 'Dada, naomba umwambie mama yako anipigie yeye mwenyewe.' Akakata."

"Nipe hiyo simu," Eliona alisema, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Alisoma ujumbe mmoja mmoja, akipandisha juu kwa kidole chenye maziwa, na kicheko kikawa kinapungua. Mwanawe alikuwa akiiandikia ofisi ya chuo kama anavyowaandikia wateja wa mitumba. *Mambo vp dada, majibu bado?* Kesho yake tena, *Dia mbona kimya?* Jumapili, saa ya ibada, *Upo?* Na mmoja uliomfanya Eliona akae chini kwenye kigoda: *Tufanyie wepesi bas, tutakukumbuka.*

"Gladness. Hii maana yake nini? Tutakukumbuka kwa nini?"

"Ni maneno tu, mama. Watu wote wanasema hivyo."

"Mimi sisemi hivyo. Na jina lililopo hapo ni langu."

Katikati ya ujumbe huo wote kulikuwa na majibu ya chuo, mafupi na ya adabu, na moja lilikuwa limerudiwa. *Ndugu mwombaji, jina lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa ni tofauti na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Tafadhali tupe maelezo na uthibitisho kabla ya Ijumaa ijayo.* Gladness hakuwa ameyajibu. Alikuwa na haraka ya kuuliza, hakuwa na nafasi ya kusoma.

Tofauti yenyewe haikuwa na ajabu yoyote. Alizaliwa Eliona Aikaeli Mosha, kwa jina la baba yake, na alipojiandikisha kufanya mtihani ukubwani alitumia jina la ndoa, Eliona Eliufoo Mlay. Mtu yeyote kijijini angeweza kulieleza hilo huku anamenya ndizi. Lakini chuo hakikuwa kijijini, na hakuna mtu aliyekuwa amekieleza.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

Gladness aliketi kwenye ukingo wa hori. Alikuwa mtu mzima mwenye meza yake ya biashara, lakini kwa wakati ule alikuwa amelishika tena pindo la blauzi.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekutoa shule," alisema. "Nilitaka mimi ndiye nikurudishe."

Eliona hakuwahi kujua kwamba binti yake anatembea na mzigo huo. Alimvuta, akamkalisha karibu naye, maziwa na kinyesi na yote.

"Sikiliza. Wewe hukunitoa popote. Ulikuwa hujui hata kupiga chafya. Walionitoa ni watu wazima, na siku hizi wenyewe wameacha kuwafukuza wasichana wenye mimba. Na shule nimeishairudia, kwa miguu yangu. Umenisaidia sana kujaza yale maombi, ningejaza mpaka leo. Ila kuongea, niachie. Hata kama nitababaika, nitababaika mwenyewe."

Walipomaliza kazi za zizini, Eliona alinawa, akavaa gauni la kanisani, akafunga na kilemba.

"Mama, ni simu tu. Hawakuoni."

"Mimi najiona."

Akapiga. Simu iliita mpaka ikakata.

"Piga tena!" Gladness alisema. "Piga mfululizo, watapokea tu."

Eliona aliangalia jua. "Hii ni saa ya chakula. Watu wanakula. Wewe ukiwa na kijiko mdomoni unapenda kuitwa?"

Wakala na wao. Alasiri akapiga tena, na safari hii ikapokelewa. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu wa mjini, na Eliona akaketi wima.

"Habari za kazi," alisema. "Naitwa Eliona Mlay, napiga kutoka Marangu. Mimi ni mwombaji wa kozi ya afya ya mifugo. Naomba kuzungumza na Bi Rahma, kama ana nafasi."

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mvua huko zimenyesha?"

Gladness alimkonyeza na kuzungusha kidole hewani, maana yake fupisha. Eliona akajishika. Alikuwa karibu kuulizia na wazazi.

"Nimepiga kwa mambo mawili," alisema. "La kwanza ni kuomba radhi. Uliyeongea naye asubuhi ni binti yangu. Alifanya kwa mapenzi, lakini halikuwa jambo zuri, wala zile jumbe hazikuwa nzuri. Mimi nilizembea, nilimwachia shughuli yangu. Sijamtuma amwahidi mtu kitu chochote, na sina nia hiyo."

Upande wa pili ikaja sauti iliyokuwa inajizuia kucheka. "Mama, kwanza nijibu. Hao ng'ombe wanakamuliwa mara ngapi?"

"Mara mbili, asubuhi na jioni. Wateja hawahusiki."

Bi Rahma akacheka kabisa, na Eliona naye akacheka, na ule woga wa ofisi ukamwachia. Alieleza habari ya majina yake mawili, kwa utulivu, kama alivyokuwa akieleza mambo ya ng'ombe. Bi Rahma akamwambia la kufanya. Aandike barua pepe, aweke jina na namba ya maombi pale juu, aeleze tofauti ya majina, kisha alete mwenyewe vyeti halisi na kiapo cha mwanasheria.

"Na mama, tutaandikiana na wewe. Mzazi au mtoto wa mwombaji tunampenda, lakini anayekuja kusoma ni mmoja."

"Nimeelewa. Nakushukuru kwa muda wako."

Alipokata, alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka kukata majani. "Umeona?" alimwambia Gladness. "Hawali watu."

Jioni ile walifungua barua pepe mpya yenye jina la Eliona. Gladness alikalia mikono yake miwili ili isimsaliti, maana mama yake aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye pumba. Alifuta mara nyingi. Mwanzo aliweka habari za ndoa yake, na za daktari wa mifugo, na jinsi alivyoacha shule. Akasoma, akaona afisa wa watu hakuuliza hayo, akayatoa. Ikabaki hivi:

*Kwa Ofisi ya Udahili. Yahusu: tofauti ya majina kwenye vyeti vyangu. Mimi ni Eliona Eliufoo Mlay, mwombaji wa Astashahada ya Afya ya Mifugo, na namba yangu ya maombi iko hapo juu. Eliona Aikaeli Mosha aliye kwenye cheti cha kuzaliwa ni mimi pia, kabla ya kuolewa. Nitaleta kiapo na vyeti halisi ofisini siku ya Jumatano asubuhi. Kama siku hiyo haifai, naomba mnijulishe. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ahsanteni.*

"Hujaweka hata kikatuni kimoja cha kucheka," Gladness alisema.

"Watanicheka nikifika."

Jibu lilikuja kesho yake. Jumatano inafaa.

Alishuka Moshi akiwa na kiapo kwenye bahasha na, kwa sababu mkono mtupu ulimtia aibu, kidumu cha mtindi na mkungu mdogo wa ndizi ndishi, aina ya kwao mlimani. Bi Rahma alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amejifunga ushungi wa kijani. Na aliinua macho mtu alipoingia. Alipokea bahasha kwa mikono miwili. Kidumu akakitazama kwa huzuni ya kweli.

"Mama, huu mtindi ni wa nyumbani?"

"Wa juzi. Umeganda vizuri."

"Mungu wangu. Siwezi kuupokea. Wewe unasubiri majibu na mimi nakaa kwenye meza ya majibu. Haipendezi."

Eliona alihisi uso ukimchoma. Kwao mtu haendi kwa watu mikono mitupu, hakuwa amewaza zaidi ya hapo. Lakini akakumbuka ule ujumbe wa *tutakukumbuka*, akaelewa jinsi zawadi yake ilivyoonekana kutoka upande ule wa meza.

"Umesema kweli," alisema, akakisukuma kidumu chini ya kiti chake kwa mguu. "Nisamehe. Tuendelee na majina."

Vyeti vilikuwa sawa. Mwalimu mmoja wa chuo aliitwa, akamuuliza maswali machache. Mengi aliyajibu, tena kwa raha, mpaka mikono ikawa inaeleza pamoja na mdomo. Swali moja la jinsi dawa ya minyoo inavyofanya kazi tumboni mwa ng'ombe lilimshinda. Kwa nukta chache alifikiria kubuni. Kisha akasema, "Hilo silijui, mwalimu. Ni mojawapo ya yaliyonileta." Mwalimu akatabasamu, akaandika kitu.

"Majibu yatatoka kwa waombaji wote pamoja," Bi Rahma alisema akimsindikiza mlangoni. "Kukiwa na kinachokosekana nitakuandikia. Kama kimya, ujue mambo yanaendelea."

Mtindi ulikwenda Kiboriloni. Gladness na wenzake wa mitumba waliumaliza kwa vikombe vya plastiki, wamesimama kati ya marobota, huku Eliona akiwasimulia habari ya dawa ya minyoo.

Kusubiri kulikuwa kugumu kwa Gladness kuliko kwa mama yake. Kila siku alipiga simu Marangu. "Mama, tuwaulize kidogo tu? Salamu tu?"

"Wamesema wataandika."

"Labda wamesahau."

"Gladness, ukiwapigia nakuja hapo sokoni nawaambia wateja wako ulivyojibu habari ya ng'ombe."

Hilo lilimtuliza mpaka siku ya pili yake.

Kiangazi kikabana, majani yakaadimika kule juu, na Eliona akashuka Mabogini kununua mabua ya mpunga ya kulishia, kama walivyofanya wafugaji wengi wa mlimani. Mashamba yalikuwa yamevunwa. Wanawake wa pale walikuwa wakifunga mabua mafungu mafungu, na dereva wa pikapu, kijana mcheshi aliyeitwa Lucky, alikuwa juu ya gari akipanga. Gladness alikuwa amekuja kusaidia, meza amemwachia jirani. Eliona alikuwa amebeba fungu kichwani, mabua yamemfunika mpaka mabegani, simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni.

"Mama, simu!" Gladness alipiga kelele. "Nipokee?"

"Thubutu!"

Alitupa fungu chini. Haikuwa simu ya kuongea, ilikuwa ujumbe wa barua pepe. Aliusoma akiwa amesimama kwenye ukingo wa jaruba la mpunga, mdomo wake ukifuata maneno taratibu. Akausoma tena. Gladness alikuwa akirukaruka kama anayekanyaga makaa.

"Mama! Sema!"

"*Ndugu Eliona Eliufoo Mlay*," Eliona alisoma kwa sauti. "*Tunafurahi kukujulisha kwamba umechaguliwa...*"

Hakumaliza. Gladness alimkumbatia kwa nguvu wakaanguka wote wawili kwenye mabua, na kilemba kikaenda zake. Wanawake wa Mabogini walikuja mbio wakidhani mtu ameumwa na nyoka. Waliposikia habari, mmoja wao, Mama Shida, aliachia kigelegele kilichowarusha ndege yangeyange kutoka shamba la pili. Wengine wakapokea. Lucky akapiga honi ya pikapu bila kukoma. Mwanamke mmoja aliuliza ni mtoto gani aliyechaguliwa, akaonyeshwa Eliona, akapiga vigelegele upya, peke yake, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Eliona alikuwa akicheka na kulia, mabua yamemjaa nyweleni. Kisha akainua mkono.

"Ngojeni. Ngojeni kwanza. Wanataka nithibitishe."

"Utathibitisha nyumbani!" alisema Lucky.

"Mtu akikuambia jambo zuri hivi, unamjibu."

Akakaa kwenye fungu la mabua, simu magotini. Matone makubwa yakaanza kudondoka, ya mvua ambayo hakuna aliyeitarajia, na kelele za furaha zikageuka kelele za kuokoa mabua. Lucky alivuta turubai, wanawake wakakimbilia pembe zake, na Mama Shida akamtupia Eliona ncha moja kichwani ili asilowe. Chini ya turubai, kwa kidole kile kile kimoja, aliandika kwamba amepokea, kwamba anashukuru, na kwamba atafika siku ya kuripoti. Akaweka jina lake lote na namba yake. Akasoma mara moja toka mwanzo mpaka mwisho, huku mvua ikipiga turubai na nje watu wakiimba.

"Umetuma?" Gladness aliuliza, ameinama kuchungulia, maji yanamchuruzika puani.

"Nimetuma."

Kisha akaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akatoka nje kwenye mvua, akashika kamba ya turubai na kuivuta pamoja na wengine mpaka mzigo ukakazika.